Kufuta, Kusamehe, Kuburai: Historia ya Deni Linaloachiliwa na Mdai, kutoka Mashamba ya Karafuu hadi Kadi za Benki Nchini Kanada

Barua za Agosti 2019

Mnamo Agosti 2019, wateja kadhaa nchini Kanada walipata taarifa ambayo hawakuiomba wala kuitarajia. Benki ya Kimarekani ya Chase, iliyo sehemu ya JPMorgan Chase, iliwaarifu kwamba madeni yao yote ya kadi za mkopo yameondolewa. Hawakutakiwa kulipa chochote zaidi. Kadi zenyewe zilikuwa mbili, moja ikiwa na jina la Amazon na nyingine jina la hoteli za Marriott, na zote zilikuwa zimefungwa tangu Machi 2018, benki ilipoamua kuacha biashara hiyo nchini Kanada. Kwa zaidi ya mwaka mmoja baada ya kufungwa huko, wenye kadi waliendelea kulipa masalio yao kwa awamu, kama walivyotakiwa. Kisha, pasipo kesi, pasipo ombi, pasipo shinikizo la serikali, mdai akajitoa.

Benki ilieleza kwamba hatua hiyo ilichukuliwa ili kukamilisha kuondoka kwake katika soko la Kanada, na kwamba iliona kufanya hivyo ni bora kwa pande zote. Haikutangaza jumla ya fedha zilizoachiliwa wala idadi ya walionufaika. Waliopokea habari hizo kwa furaha walikuwa wengi, na baadhi yao hawakuamini hadi walipouliza tena. Hata hivyo, palikuwa pia na manung'uniko, na manung'uniko hayo ndiyo yenye mafunzo zaidi kwa mtafiti. Waliokuwa wamejinyima ili kumaliza kulipa miezi michache kabla walijiona kama watu walioadhibiwa kwa uaminifu wao. Kiswahili kina methali isemayo kwamba dawa ya deni ni kulipa. Kwa watu hao, methali iligeuka: waliotumia dawa walipata hasara, na walioichelewesha walipona.

Tukio hili ni dogo katika historia ya fedha. Linastahili kuchunguzwa kwa sababu linauliza swali ambalo Kiswahili cha sera, sheria na benki katika Afrika Mashariki hakijalijibu vyema: mdai anapoacha kudai, amefanya nini hasa? Je, amefuta, amesamehe, amesahau, au amehamishia daftari lake mahali pengine? Magazeti na hotuba za eneo hili hutumia maneno "kufuta deni" na "kusamehe deni" kana kwamba ni kitu kimoja. Makala haya yanaonyesha kwamba si kitu kimoja, kwamba Kiswahili cha zamani kilijua tofauti hiyo, na kwamba gharama ya kuisahau hulipwa na mkopaji mdogo.

Msamiati wa mdai na mdaiwa

Ni vyema kuanzia kwenye sarufi. Mdai ni mtu anayedai. Mdaiwa ni yule anayedaiwa. Katika jozi ya zamani zaidi, mwia ni mwenye haki ya kulipwa na mwiwa ni mwenye wajibu wa kulipa. Katika jozi zote mbili, mwenye deni ametajwa kwa kitenzi kilichogeuzwa kuwa cha kutendwa. Deni linatazamwa kutoka upande wa yule anayelidai, na mwenzake anapata jina lake kutokana na kitendo cha mwingine. Jozi ya mkopaji na mkopeshaji inakwenda kinyume: hapa anayeanza ni yule anayekopa, na mkopeshaji ni mtu anayewezesha tu, kwa kiambishi cha kusababisha. Si ajabu, basi, kwamba matangazo ya benki hupenda jozi ya pili na hati za kudai hupenda ya kwanza. Mtu huitwa mkopaji siku anapochukua fedha, na mdaiwa siku anaposhindwa kuzirejesha. Pengo kati ya siku hizo mbili linaelezwa na methali nyingine: kukopa harusi, kulipa matanga.

Neno deni lenyewe limetoka katika Kiarabu, pamoja na karadha, rehani, riba, dhamana na amana. Sehemu kubwa ya msamiati wa mkopo katika Kiswahili ni msamiati wa fikihi uliopita sokoni. Upande wa kuondoa deni, hata hivyo, una mchanganyiko. Kufuta ni neno la Kibantu lenye maana ya kupangusa: mtu hufuta vumbi, hufuta ubao, hufuta machozi. Ni tendo linalofanywa juu ya maandishi au juu ya kitu. Halihitaji kuwapo kwa mtu wa pili. Kusamehe, lenye asili ya Kiarabu, ni tendo kati ya watu wawili, na hubeba dhana ya kosa. Tafsiri ya Biblia ya Kiswahili iitwayo Union ilizidisha uzito wa dhana hiyo: katika Mathayo sala ya Bwana inataja deni pale ambapo Luka inataja dhambi. Wasomaji wa vizazi kadhaa wamezoea kuyaona maneno hayo mawili yakibadilishana nafasi. Ndiyo maana anayesamehewa deni huhisi, hata pasipo kuambiwa, kwamba alikuwa na hatia.

Lipo neno la tatu, ambalo kamusi za zamani zinalo na matumizi ya leo yamelipa kisogo: kuburai. Mzizi wake wa Kiarabu una maana ya kuwa huru, kutokuwa na dai juu ya mtu. Katika fikihi, tendo hilo huitwa ibra, nalo ni la kisheria kabisa: mwenye haki anamtoa mwenziwe katika wajibu. Wanazuoni wa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo yaliyoenea pwani ya Afrika Mashariki, waliliwekea masharti. Kwa rai yao iliyo mashuhuri, ibra haihitaji kukubaliwa na mdaiwa ili itimie. Inatosha mdai kutamka. Lakini kiasi kinachoachiliwa sharti kijulikane, kwani hawezi mtu kuachilia asichokijua. Kuburai si kufuta, kwa kuwa linamhusu mtu na si daftari. Wala si kusamehe kwa maana ya kawaida, kwa kuwa halidai kwamba mdaiwa alikosa. Linasema jambo moja tu: wewe huna deni langu tena.

Kutoka mzizi huohuo wanaisimu hulihusisha neno ambalo kila msemaji wa Kiswahili analijua: buriani. Leo buriani ni kwaheri ya mwisho, neno la tanzia na la mashairi ya maombolezo. Katika matumizi ya pwani kutakana buriani kulikuwa ni kuagana kwa kuachiliana madai. Anayeondoka, kwa safari ndefu au kwa kifo, aliomba asifuatwe na haki ya mtu. Desturi hiyo haijafa. Katika mazishi ya Waislamu wa pwani, kabla au baada ya sala ya maiti, jamaa wa marehemu bado huwatangazia waliohudhuria kwamba mwenye kumdai marehemu awaone warithi, au amwachilie. Kuaga na kuachilia deni ni tendo moja.

Kwa msingi huu, kisa cha Kanada kinasomeka upya. Benki ilikuwa inaondoka nchini. Ilipoondoka, ilitoa buriani kwa maana ya asili ya neno: iliwaachilia iliowadai, bila kuwahukumu na bila kungoja wakubali. Tofauti ni kwamba katika desturi ya pwani anayeomba kuachiliwa ni yule anayeondoka. Huko Kanada aliyeondoka ndiye aliyekuwa akidai.

Mabamba yaliyovunjwa

Historia ndefu ya kuondoa madeni kwa kawaida husimuliwa kupitia wafalme. Watawala wa Babeli katika milenia ya pili kabla ya Kristo walitangaza amri walizoziita misharum, na amri ya Ammi-saduqa, ya karne ya 17 KK, imehifadhiwa kwa kiasi cha kutosha kusomwa. Jambo moja ndani yake lina maana kwa wakati huu. Amri hiyo iliondoa mikopo ya riba ya nafaka na fedha waliyochukua watu wa kawaida, lakini haikugusa mitaji ya ubia wa kibiashara. Aidha, ilimtisha kwa adhabu mkopeshaji ambaye angebadilisha maandishi ya bamba ili mkopo wa riba uonekane kuwa ni wa biashara. Kwa maneno mengine, miaka zaidi ya 3,600 iliyopita watunga sera walikwisha kujua kwamba jina linaloandikwa juu ya deni ndilo linaloamua hatima yake, na kwamba wadai watajaribu kulibadilisha jina hilo. Solon wa Athene, mnamo 594 KK, na sheria za Torati kuhusu mwaka wa saba na mwaka wa hamsini ni sehemu ya mkondo huohuo.

Mikondo hiyo yote ina mtawala anayemlazimisha mdai. Qurani, katika sura ya pili, inachukua njia nyingine: inamtaka mdai ampe muda mdaiwa aliye katika dhiki, na inaeleza kwamba kuliacha deni kama sadaka ni heri zaidi kwake. Hapa uamuzi umebaki mkononi mwa mdai. Kwa hiyo pwani ya Afrika Mashariki ilirithi maadili ya kuachilia bila kurithi mfalme wa kuamrisha, na mtu anayetafuta amri za kifalme za kuondoa madeni katika Zanzibar ya karne ya 19 atazikosa. Biashara ya misafara iliendeshwa kwa mali iliyokopwa kutoka kwa wafanyabiashara wa Kihindi wa Unguja. Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, aliyeacha maisha yake kwa Kiswahili, alifadhiliwa na Taria Topan, na uhusiano wao ulisimama juu ya deni lililokuwa likihuishwa safari hata safari. Deni la namna hiyo halikukusudiwa kwisha. Lilikuwa ni kamba ya uhusiano, na anayeikata amepoteza mteja.

Zanzibar, 1933 hadi 1938

Amri ilikuja katika karne ya 20, nayo ilitoka kwa serikali ya kikoloni. Bei ya karafuu ilianguka wakati wa mdororo wa uchumi wa dunia, na wenye mashamba wa Unguja na Pemba walijikuta wamewekewa rehani karibu kila walichokuwa nacho. Rehani nyingi zilivaa joho la bei ya hiari: shamba "linauzwa" kwa mkopeshaji kwa sharti kwamba muuzaji anaweza kulikomboa, naye hubaki shambani akilipa kodi ya pango. Kodi hiyo ilikuwa riba kwa jina jingine. Bartlett na Last, katika ripoti yao ya 1933 juu ya madeni ya wakulima, waliieleza hali hiyo kwa serikali, na mwaka uliofuata zikatoka sheria za kuzuia ardhi ya Waarabu na Waafrika isihamie kwa watu wa jamii nyingine bila idhini, pamoja na kusimamisha kwa muda utekelezaji wa madeni.

Kusimamisha si kuondoa. Wadai, wengi wao Wahindi, waliona kwamba haki yao imefungiwa bila kuhukumiwa. Wadeni waliona kwamba wamepumua bila kupona. Mgogoro huo uliungana na ule wa Chama cha Wakulima wa Karafuu, kilichoundwa 1927 na kupewa madaraka makubwa zaidi juu ya biashara ya zao hilo katikati ya miaka ya 1930. Mwaka 1937 wafanyabiashara wa Kihindi waliigomea karafuu ya Zanzibar, na Indian National Congress ikaunga mkono mgomo huo nchini India, iliyokuwa soko kubwa la zao hilo. Mapatano yalifikiwa 1938. Katika mwaka huohuo sheria ya kusuluhisha madeni ilipitishwa: madeni yakadiriwe upya, serikali imlipe mdai kiasi kilichokadiriwa, na mdeni ailipe serikali kwa awamu ndefu.

Ikumbukwe kilichotokea hapo. Sehemu ya deni iliondoka kwa kukadiriwa upya. Sehemu iliyobaki ilibadilisha mwenyewe. Mkulima aliyeamka akisikia kwamba deni lake kwa tajiri wa mjini limekwisha aligundua kwamba sasa anaiwa na serikali. Kwa mizania ya mdai wa kwanza, deni lilifutwa. Kwa mkulima, halikufutwa, lilihama. Kiswahili cha kila siku kinaweza kuitumia sentensi moja, "deni limefutwa", kwa mambo yote mawili, na sentensi hiyo itakuwa kweli kwa mmoja na uongo kwa mwingine.

Sheria ya mikataba iliyotumika wakati huo ina jambo la kushangaza kidogo. Mahakama za Uingereza, tangu kesi ya Pinnel ya 1602 hadi uamuzi wa Foakes dhidi ya Beer wa 1884, zilishikilia kwamba ahadi ya mdai kuachia sehemu ya deni haimfungi ikiwa hakupata kitu badala yake. Sheria ya Mikataba ya India ya 1872, katika kifungu cha 63, iliacha kanuni hiyo: mdai anaweza kuachilia wote au sehemu ya wajibu, na tendo lake linasimama. Sheria hiyo ya India ndiyo iliyoletwa Afrika Mashariki. Tanganyika ilipotunga sheria yake ya mikataba mwaka 1961 ilifuata mfano wa India. Kenya iliiacha sheria ya India na kurudi kwenye kanuni za Kiingereza. Hivyo mtu wa Mombasa na mtu wa Tanga, wenye Kiswahili kimoja na mara nyingi ukoo mmoja, wanaishi chini ya misingi miwili tofauti kuhusu swali la iwapo neno la mdai linatosha. Kifungu cha 63 kiko karibu zaidi na kuburai kuliko alivyo jaji yeyote wa London.

Msamaha wenye masharti

Kizazi cha sasa kilijifunza msemo "msamaha wa madeni" kutoka kwa serikali, wala si kutoka kwa benki. Mpango wa nchi maskini zenye madeni makubwa ulianzishwa 1996 na Shirika la Fedha la Kimataifa na Benki ya Dunia. Uganda ilikuwa nchi ya kwanza kunufaika nao, mwaka 1998. Tanzania ilifikia hatua ya ukamilisho 2001, Rwanda 2005, Burundi 2009 na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo 2010. Kenya haikuingizwa, kwa kuwa deni lake lilihesabiwa kuwa linaweza kubebeka. Baada ya mkutano wa Gleneagles wa Julai 2005, unafuu uliongezwa. Matunda yake yalionekana: Uganda ilielekeza fedha kwenye mfuko wa kupambana na umaskini, na Tanzania iliondoa ada ya shule za msingi.

Lakini msamaha huo ulikuwa na hatua ya uamuzi, hatua ya ukamilisho, mkakati wa kupunguza umaskini na ukaguzi kati ya hatua hizo. Katika Kiswahili cha kawaida, msamaha wenye ngazi na mitihani si msamaha, ni mapatano. Neno lilichaguliwa kwa sababu lilikuwa limekwisha kuzoeleka makanisani na katika kampeni za Jubilei ya 2000, nalo lilibeba huruma ambayo hati zenyewe hazikuwa nayo. Athari yake katika lugha ilikuwa kubwa. Baada ya miaka kumi ya matumizi hayo, "kusamehewa deni" kulikwisha kumaanisha kupunguziwa kwa masharti.

Bei ya deni lililokufa

Ili kuelewa ni kwa nini benki inaweza kuachilia deni bila kuumia sana, lazima daftari lake lifunguliwe. Kadi ya mkopo ni biashara iliyojengwa juu ya kutarajia hasara. Bank of America ilipotuma kadi zake za kwanza 60,000 kwa wakazi wa Fresno, California, Septemba 1958, ilikadiria kwamba asilimia 4 ya wenye kadi wangechelewa kulipa. Kiwango halisi kilifika asilimia 22. Chase Manhattan, mhenga wa benki iliyotuma barua za Kanada, ilianzisha mpango wake mwaka huohuo wa 1958 na kuuuza 1962. Sekta ilijifunza kuiweka hasara ndani ya riba: wanaolipa hugharamia wasiolipa, na kila mwezi sehemu ya mikopo hutengewa fungu la kufidia kushindwa kwake.

Mkopo unapokaa muda mrefu bila kulipwa huwa chechefu, na baada ya muda uliowekwa benki huuondoa katika mali zake. Hapa ndipo penye kiini cha hoja. Kuondoa mkopo katika mizania ni tendo la kihasibu. Mkopaji haambiwi, na wajibu wake haupungui hata senti moja. Benki inaweza kuendelea kudai, au kuliuza deni kwa wakusanyaji kwa sehemu ndogo ya thamani yake. Udogo wa sehemu hiyo ulidhihirishwa nchini Marekani na wanaharakati walioanzisha mpango wa Rolling Jubilee mwaka 2012. Kwa michango ya takriban dola laki saba walinunua na kuzima madeni yenye thamani ya uso ya takriban dola milioni 32. Mdaiwa aliyekuwa akipigiwa simu kila asubuhi kwa ajili ya dola mia alikuwa akidaiwa na mtu aliyenunua deni hilo kwa dola chache.

Kwa hesabu hiyo, uamuzi wa Kanada hauhitaji kuelezwa kwa ukarimu peke yake. Benki iliyokwisha kufunga biashara ilipaswa kugharamia mifumo, wafanyakazi na utiifu kwa sheria za nchi nyingine kwa ajili ya masalio yanayopungua kila mwezi. Ingeweza kuyauza. Haikuyauza. Ni hapo, katika njia ambayo haikuchukuliwa, ndipo ukarimu ulipo, kama upo. Mazingira ya kodi nayo yalisaidia: nchini Kanada, deni la matumizi binafsi linapoachiliwa kwa kawaida halihesabiwi kuwa mapato, ilhali Marekani mkopeshaji anayeachilia dola 600 au zaidi hutakiwa kuiarifu mamlaka ya kodi, na mteja anaweza kutozwa kodi kwa fedha asizowahi kuziona.

Matokeo kwa maisha ya waliopata nafuu ya ghafla yanabishaniwa. Utafiti mmoja wa Marekani ulifuatilia wanafunzi wa zamani ambao mikopo yao binafsi ilizimwa kwa sababu tu wadai walishindwa kuthibitisha mahakamani kwamba hati ni zao. Watu hao walipunguza madeni mengine, wakahama kutafuta kazi na mapato yao yakapanda. Utafiti mwingine, uliotolewa 2024 na kuhusisha madeni ya matibabu ya watu 83,401, haukuona nafuu ya wastani katika afya ya akili wala hali ya kifedha. Madeni ya matibabu yaliyonunuliwa yalikuwa yamekwisha kuwa makavu, na wengi hawakuwa wakiyalipa. Mikopo ya wanafunzi ilikuwa bado hai, ikiandamana na watu hadi kazini. Tofauti hiyo inapaswa kumzindua mshauri wa sera: faida ya kuachilia inategemea wakati. Mdai akingoja hadi deni life ndipo aliachilie, ameachilia kitu ambacho mdaiwa alikwisha kukizika.

Kenya, Novemba 2022

Afrika Mashariki imekuwa na kisa chake chenye ukubwa unaopita ule wa Kanada. Tangu M-Shwari ilipoanza 2012, mikopo midogo ya simu imeenea Kenya kiasi kwamba mamilioni ya watu walijikuta katika orodha za mashirika ya taarifa za mikopo kwa sababu ya fedha chache. Novemba 2022 Benki Kuu ya Kenya ilitangaza mpango wa kurekebisha hali hiyo. Uliwahusu wakopaji takriban milioni 4.2 wa mikopo ya simu yenye muda wa siku 30 au chini ya hapo, iliyokuwa chechefu mwishoni mwa Oktoba. Jumla yake ilikuwa takriban shilingi bilioni 30, sawa na asilimia 0.8 ya mikopo yote ya sekta ya benki. Wakopeshaji walitakiwa kupunguza angalau nusu ya deni na kurekebisha kumbukumbu ya mkopaji, naye akubaliane nao namna ya kulipa kilichobaki hadi tarehe 31 Mei 2023.

Katika mpango huo mmoja mna matendo matatu. Nusu ya deni iliachiliwa. Nusu iliyobaki iliahirishwa. Jina liliondolewa katika orodha mbaya, ingawa deni lilikuwa bado lipo. Anayeyaeleza yote hayo kwa neno "kufuta" anampa mkopaji wa Kitale au Kilifi sababu ya kuamini kwamba amemaliza, na baada ya Mei atakapopigiwa simu ataamini kwamba amedanganywa. Na hakudanganywa na benki. Alidanganywa na tafsiri.

Suala hili linazidi kuwa la dharura kwa kuwa Kiswahili kinaingia mahali ambapo maneno huzaa wajibu. Tanzania ilibadilisha sheria 2021 ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Baraza la mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi Julai 2022. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, yenye makao yake Zanzibar, ina jukumu la kuoanisha istilahi za jumuiya. Orodha za istilahi za fedha zilizopo huweka kufuta mbele ya dhana ya kihasibu na kuliacha lifanye kazi ya dhana ya kisheria pia. Pendekezo linalotokana na historia iliyoelezwa hapa ni la kawaida kabisa: kufuta libaki kwa wahasibu, kwa maana ya kuondoa katika vitabu, kuahirisha litumike pale muda unapoongezwa, kupunguza litumike pale sehemu inapoachwa kwa masharti, na kuburai lirudishwe katika hati za benki na za mahakama kwa ajili ya tendo ambalo mdai hawezi kulirudia nyuma, likiandamana na kiasi kilichotajwa kwa tarakimu, kama wanazuoni wa pwani walivyotaka.

Litatolewa pingamizi kwamba neno hilo ni la kizamani na kwamba lina harufu ya madrasa. Riba, rehani na dhamana zina harufu hiyohiyo, na hakuna benki iliyoziacha. Pingamizi zito zaidi ni kwamba taasisi za fedha hazitapenda kuwa na neno linalowafunga, maana utata wa "kufuta" unawafaa: unaruhusu tangazo la hisani leo na simu ya mkusanyaji kesho. Pingamizi hilo ni la kweli, nalo haliwezi kujibiwa na wanaisimu peke yao. Linaweza kujibiwa na msimamizi wa benki atakayetaka kila tangazo la nafuu ya deni litaje, kwa lugha ya mkopaji, ni lipi kati ya matendo hayo limefanyika, kwa shilingi ngapi, na ni nani anayebaki na haki ya kudai siku inayofuata.